Kuku wa Shukrani

Mwalimu mwenzangu alitoka Ceylon, akafundisha hesabu shuleni kwetu Kisumu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa mtu wa dini ya Budha. Mimi nilikuwa na mdomo mkali, na watoto wa darasa langu waliujua pia uzito wa mkono wangu. Aliniambia kwao hufundishwa kulipima neno kabla halijatoka: ni la kweli? Lina faida? Wakati wake umefika? Nilimcheka. Leo maswali hayo nayatumia kila siku kwa wake wa wanangu, wala siwaambii nilikoyatoa, kwa aibu.

Alinifundisha hesabu wiki baada ya wiki hadi nikafaulu mtihani wangu wa ualimu. Nikamnunulia kuku sokoni Kisian, nikamfunga uzi mwekundu mguuni, nikampelekea mwenyewe. Kwetu Waluo, mgeni wa heshima huchinjiwa kuku.

Baada ya wiki tatu nilipita nyumbani kwake Milimani. Kuku wangu alikuwa bustanini anaparura maua, uzi bado mguuni. Damu ilinichemka. Sikuuliza kitu. Kesho yake, kwenye chumba cha walimu, nikasema kwa Kijaluo kwamba mgeni wetu anaona mikono yetu michafu, hata kuku wetu hashuki kooni mwake. Wenzangu walicheka wakagonga meza. Yeye alikuwa palepale akisahihisha madaftari, nami nilidhani haelewi. Katika yale maswali yake matatu, hata moja sikujiuliza.

Alielewa. Saa ya chai alinifuata kwenye varanda.

"Mwalimu, mimi nimekosea wewe wapi? Ulileta yeye mzima. Dini yangu, mimi hapana chinja. Nikasema, huyu mama amenipa uhai wa kuku. Zawadi kubwa sana."

Uso uliniwaka. Nikasema, "Pole, Bwana."

Pole! Neno la kumwambia aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyenyeshewa njiani. Pole husemwa hata na mtu asiye na kosa lolote. Mimi kosa lilikuwa langu, na neno lake ni nisamehe, nalo nililijua tangu utotoni.

"Asante, Mwalimu," akajibu kwa adabu, akarudi kwenye madaftari yake.

Mkataba wake uliisha muhula uliofuata. Nilimsindikiza hadi stesheni ya reli, nikampa mkono, nikamtakia safari njema, na neno lile bado sikulisema.