Kisu Mkononi mwa Njeru

Asubuhi ile swala alianguka ng'ambo ya korongo, na Njeru akamfikia kabla yangu, kama kawaida. Alimshika pembe, akamgeuza kichwa kuelekea kaskazini, upande wa kibla, jinsi nilivyomzoesha, akakaa akinicheka nikija natweta.

"Haraka, Saidi. Huyu akifa akikungoja, mpishi atatulisha maharagwe tena."

"Kaza mkono, nisije nikakuchinja wewe."

Nikataja jina la Mungu, nikachinja, nikampa kisu. Ndivyo tulivyogawana kazi katika kambi ya wapima barabara, kule nyika ya Mbeere: bwana mpimaji apige risasi, mimi nichinje, Njeru achune. Vibarua wengi walikuwa Waislamu wa mjini Meru kama mimi, na wasingegusa nyama isiyochinjwa. Lakini ingawa mimi ni mtoto wa bucha, kwa kuchuna sikumfikia Njeru. Ngozi aliyoichuna yeye ilitoka nzima, bila tundu, kama shati linalovuliwa.

Kisu kilikuwa changu. Mhunzi wa Mbeere alikitengeneza kwa springi ya lori, chuma kimoja kutoka nchani hadi mwisho wa mpini, hakikunjiki wala hakilegei. Tulikitumia misimu mingi. Tulichongea vigingi vya hema, tukafungulia makopo, tukapasulia vijiti vya kuwashia moto, tukatenganishia viungo vya nyama. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilikinoa kila jioni hata kama hakikutumika, nikajaribu makali kwenye ukucha, nikanoa tena. Njeru alisema siku moja nitanoa mpaka nibaki na mpini.

Shule sikwenda, kuandika nilijifundisha mwenyewe. Yanayofuata nimeyafuta na kuyaandika upya mara nyingi, nikiogopa neno lolote lisizidi yaliyotokea. Sasa siyafuti tena.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari kwa ajili ya wapiganaji wa msituni, mapanga na sime zilikusanywa nyumba kwa nyumba. Mimi nilipewa cheti cha kubaki na kisu, kwa sababu ya jina langu na kofia yangu. Njeru alikuwa Mwembu wa upande wa Kianjokoma, mlimani, karibu na msitu. Mtu wa huko akikutwa na silaha alipelekwa kizuizini, na wengi hawakurudi. Sisi tulijua hayo. Lakini hatukukiita silaha. Kilikuwa kisu cha kazi, na kazi ilikuwa na zamu zake: mimi kwanza, halafu yeye.

Doria ilitukuta kwenye zamu yake.

Bwana mpimaji alikuwa ameshatuachia mnyama akaenda Embu mjini. Askari walitokea vichakani, bunduki mbele, na ofisa kijana wa Kizungu nyuma yao. Njeru alikuwa amepiga magoti, mikono imelowa damu hadi viwikoni.

"Hii kisu ya nani?" ofisa akauliza.

"Yangu, bwana," nikasema. Nikatoa cheti.

Akakisoma. Akamwangalia Njeru.

"Cheti nasema Saidi. Mkono ni ya nani?"

"Ya Njeru, bwana. Mimi nachinja, yeye anachuna. Ndiyo kazi yetu. Waulize watu wote kambini."

"Iko Mwembu?"

Akawapungia askari mkono.

Askari wawili wakamnyang'anya Njeru kisu, wakamfunga mikono.

Halafu sajini wao akamtazama swala, ngozi imefika mbavuni, akamnong'oneza ofisa. Ofisa akatazama saa yake, akaitikia kwa kichwa.

Wakamfungua. Sajini akamrudishia kisu.

"Maliza kwanza," akamwambia. "Usitoboe ngozi. Na paja utenge."

Njeru alinitazama mara moja. "Kumbe na serikali inachoka na maharagwe," akasema kwa Kiembu. Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Alirudi kazini. Askari walikuwa wamemzunguka, bunduki zimening'inia mabegani, mmoja anavuta sigara. Alichuna mpaka kwenye kwato. Akatenga paja. Akafuta kisu kwenye majani, pande zote mbili, kama nilivyopenda kifutwe, akampa sajini kwa upande wa mpini.

Ndipo wakamfunga tena.

Bwana mpimaji aliporudi nilimsihi amfuate. Alisema ni jambo la kusikitisha, na kwamba tutafute mchunaji mwingine. Kisu nilirudishiwa, kwa kuwa cheti changu kilikuwa halali. Sajini alikisifu makali yake.

Njeru hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi moja, kisha nyingine, na huko akafa kwa homa ya matumbo, au ndivyo chifu alivyoambiwa amwambie mama yake. Kaburi hatulijui. Watu wema hunipoza kwa kusema ilikuwa bahati mbaya ya zamu tu, kwamba ningechuna mwenyewe siku ile angepona. Sitaki kupozwa hivyo. Sheria ile haikusoma kisu. Ilisoma kabila la mkono. Hilo si kosa langu wala lake, nami sitalibeba kwa niaba ya walioiandika.

Kizuizi cha safari kilipoondolewa nilipanda hadi Kianjokoma kumwona mama yake. Alikuwa akipukuchua mahindi, nikakaa nikamsaidia. Nilimsimulia yote kwa mpangilio, nikijisahihisha kila mahali. Hakulia.

"Walipokwisha kumfunga, wakampa kisu tena?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Amalize nyama yao."

"Nao wamesimama hapo hapo?"

"Hapo hapo. Mmoja akivuta sigara."

Akakusanya punje zilizotawanyika mkekani, akazirudisha kwenye ungo.

"Basi hawakumwogopa," akasema.