Meli za Fraser na Kura ya Netta

Kama kura yako ingeweza kumwachisha mwanao kazi, ungeipiga?

Usijibu haraka. Netta Galbraith wa Govan, mtaa wa viwanda vya meli jijini Glasgow, hakujibu haraka, na hakuna aliyeutaka uhuru wa Skotlandi kuliko yeye.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha meli kando ya mto Clyde. Netta mwenyewe alipika katika kantini ya kiwanda hichohicho hadi akastaafu, na sasa Fraser, mwanawe wa pekee, anachomelea palepale. Siku meli inaposhushwa majini mtaa mzima hutoka kuitazama, na Netta huenda hata akiwa na homa.

Kiangazi chote kabla ya kura ya 2014 ya kuamua kama Skotlandi ijitenge na Uingereza, mimi na Netta tulibisha hodi pamoja mlango kwa mlango, yeye na beji ya NDIYO kwenye koti. Waliotufungia mlango aliwaambia kwa upole, "Funga tu, baridi isiingie. Tutarudi."

Lakini meli zinazoundwa pale siku hizi ni za kivita, na mwagizaji ni mmoja: serikali ya London. Wale wa HAPANA walikuwa wakituambia kila siku kwamba London haitaagiza manowari kutoka nchi ya kigeni.

Jioni ya kuamkia kura, Netta alitupakulia supu jikoni kwake, mimi na Fraser. Nikamwaga hoja zangu zote: mafuta ya Bahari ya Kaskazini, kodi zetu kubaki kwetu, paundi tutakayoendelea kuitumia. Fraser akauliza tutaitumiaje ikiwa London imeshakataa. Nikasema wanatutisha tu, tukishinda watakaa mezani. Akauliza pengo la bajeti litazibwa na nini. Nikasema hakuna serikali isiyokopa, na bora tukope kwa mipango yetu kuliko kwa mipango ya watu tusiowachagua. Ndivyo ninavyoamini hadi leo.

"Mwanachuo ana jibu la kila kitu," Fraser akasema, "kama daktari wa redioni."

Netta hakucheka. Alisukuma bakuli lake pembeni.

"Struan, mwanangu, meli za Fraser ataagiza nani?"

Nikamwambia tutakuwa na jeshi letu la majini, tena Wanorwe nao wananunua meli.

"Sijakuuliza nani ananunua meli duniani. Nani ataagiza hizi?"

Nikasema nchi haizaliwi ikiwa na kila kitu mkononi, na tukingoja uhakika, hata wajukuu zake watazeeka wakingoja. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikapata tumaini.

"Mama, piga unavyotaka," Fraser akasema. "Usinifanye mimi kisingizio."

"Wewe si kisingizio, wewe ni mwanangu. Kula, supu inapoa."

Asubuhi yake nilisimama kwenye manyunyu nje ya shule iliyokuwa kituo cha kura, nikigawa vipeperushi. Nikawaona wanakuja, Fraser na ovaroli yake ya kazini, mama amemshika mkono. Beji ilikuwa bado kwenye koti. Netta alipofika kwangu alisimama, akaifungua taratibu, akaiweka kiganjani mwangu na kunifumba vidole.

"Nitunzie," akasema. "Fraser akistaafu nitakuja kuidai."

Kisha akajifuta mvua usoni, akaingia kupiga kura.