Mshale Mrefu wa Saa ya Babu

Nianze na kumbikumbi, rafiki yangu, maana bila kumbikumbi sitafika ninakokwenda. Bibi alikuwa na kichuguu chake nyuma ya banda la mbuzi. Mvua zikikaribia alikifunika kwa blanketi kuukuu, akachuchumaa na vijiti viwili akawa anagonga, ti-ti-ti-ti, ili wale wadudu wadhani mvua imeshuka, watoke. Mimi nilishika ungo. Tuliwakaanga kwa chumvi tu, mbawa zikipeperuka jiko zima, na sijaonja tena kitu kama kile, hata hapa Guangzhou ambako wanakula kila kitu. Sasa mwaka jana nilitoka Xintang ninakonunua jinzi za biashara, nikapanda jengo moja la wauza saa huku Sanyuanli, nikasikia ti-ti-ti-ti kutoka kila kibanda. Nikasimama kwenye ngazi, watu wananisukuma. Lakini aliyenijia si bibi. Ni babu.

Babu alikuwa mgonga kengele wa misheni. Padri wetu alikuwa Mswisi, akamvulia babu saa yake ya mkononi akampa, ile ya kujaza kwa kuzungusha, yenye visaa viwili vidogo ndani ya uso na vitufe viwili ubavuni. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu wa sekunde unakimbia, ukikirudia, unasimama, cha chini kinaurudisha mahali pake. Babu alisimulia kama aliyekuwepo: kwamba kwao padri theluji hufunga milango, basi watu hukaa dirishani wakiunda saa kwa vigurudumu vidogo kama chawa, baba akimfundisha mwana, na kampuni iliyotengeneza saa ile iliwapimia muda marubani na magari ya mashindano. Sisi alitupimia mbio za kuzunguka kanisa. Nilikuwa wa mwisho siku zote, lakini sekunde zangu alizitaja kwa heshima ileile.

Siku moja padri akaona mishale imegeuzwa. Asubuhi kwake ilisema saba. Babu ameivuta iseme moja, kama watu wanavyosema.

“Mzee, umeiharibu!”

“Hapana, Baba. Nimeifundisha Kiswahili tu.”

Padri alicheka mpaka akaketi chini.

Aliyeiharibu ni mimi. Jumapili moja babu amelala, saa iko mkekani, nikabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, tena kwa nguvu, nione mshale utakwenda wapi. Ukakwama. Hakuna aliyenipiga, na afadhali wangenipiga. Babu akaipeleka kwa fundi mjini, siku mbili njiani. Ilirudi inatembea, ila mshale mrefu haukuondoka tena.

“Nimemwambia fundi auache upumzike,” akasema.

Mbio zikaisha. Nikaiiba nikaiweka sikioni: sauti nyingine, nzito. Nikaamini fundi ametoa mashine ya Waswisi akatia ya kwake, na babu anajua, ananifichia. Sikuuliza. Alikufa nayo mkononi, ikaja kwangu, na miaka yote iliyofuata niliizungusha kila asubuhi nikijiuliza: niliiua, sikuiua?

Basi siku ile ya ngazi nikaketi mbele ya fundi mmoja, mama wa Kichina wa rika langu, Kiswahili amekiokota kwa wateja. Nikamwekea saa mezani, nikamwambia mshale umekwama na sijui kama mashine ya ndani bado ni ya Uswisi. Akatazama saa yangu, akatazama ya ukutani.

“Laoban, hii nakimbia. Saa moja mbele.” Akaivuta nyuma. Laoban ni bosi. Hapa hata mimi bosi.

Nikairudisha. “Haikimbii, mama. Hiyo ni saa ya kwetu.”

“Tanzania iko nyuma, saa tano! Mimi najua! Wateja yangu wote Tanzania!” Akaivuta tena.

Nikairudisha tena. Wa kibanda cha pili anakufa kwa kicheko. Ningemwelezaje kwamba mishale ya huku ikilala kwenye kumi na mbili adhuhuri, kwetu ndiyo saa moja asubuhi, na babu alitaka mshale useme moja? Na ningemwelezea nini, kengele ya misheni siku hizi inatoka kwenye spika, watoto wanapima mbio kwa simu, na wote tuliokimbia pale nimebaki mimi wa mwisho.

Akaigeuza, akaweka kisu ukingoni mwa mgongo wa saa.

“Nafungua. Ndani Uswisi, ndani si Uswisi, naona sasa hivi. Wewe nataka mshale tembea, au nataka jua tu?”

Mfuniko umeshainuka upande mmoja. Nikasema naenda kununua maji.

“Haraka, laoban! Dakika moja tu!”

Nikashuka. Duka la maji nikalipita. Nikaingia metro, nikatokea Xiaobei, nikashika barabara ya Huanshi Zhonglu nikitembea tu mpaka viatu vikanichubua. Saa iko kwake, pamoja na jibu lake. Jengo lile sijalikanyaga tena.