Pale Kilipoungua Kihenge

Nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Iringa, kuna kipande cha ardhi ambacho ukoo wetu haulimi. Hapo ndipo kiliposimama kihenge cha babu wa baba, kimejaa ulezi, siku askari wa Mjerumani walipokitia moto pamoja na mashamba yote ya jirani. Waliopona risasi wengi walikufa kwa njaa. Kila msimu wa kupanda, mkubwa wa nyumba hurusha hapo konzi moja ya ulezi, ndege wapate kula.

Wazazi walipofariki, ukubwa huo uliniangukia mimi. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikalea wadogo zangu wawili.

Mwaka jana wanasheria walipita vijijini kukusanya ushahidi wa mazao yaliyoteketezwa, ili Ujerumani itakiwe kuwajibika. Aliyekuja kwetu, mama wa makamo, alisema masimulizi peke yake hayatoshi. Alitaka udongo ambao haujaguswa tangu vita vya Mjerumani.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye anauza simu katika soko la Mwanjelwa, alikuja kutoka Mbeya kwa ajili ya siku hiyo. Alinivuta pembeni.

"Dada, mwambie hatujawahi kupagusa."

"Nilipalima."

"Lini?"

"Mwaka ule tuliozika. Unga uliisha, nikataka kupanda mahindi."

"Nani alikuona?"

"Wewe. Nilikuwa nimekubeba mgongoni."

"Basi shahidi wako alikuwa amelala. Nyamaza, dada."

Sikunyamaza. Nilimweleza mwanasheria yote. Aliweka kalamu juu ya meza, nami nikajua kwamba huenda nimeifuta kesi yetu kwa mdomo wangu. Kisha akauliza, "Uliishia wapi?"

Nilimpeleka. Siku ile ya kulima nilikuwa nimefika katikati jembe lilipoibua punje nyeusi, nyepesi kama majivu. Nilizipangusa kiganjani nikatambua ulezi. Nilizirudisha nikafukia kwa mikono, nikaenda nyumbani. Nusu ya pili sikuigusa, na mahindi ya shamba letu jingine mwaka ule hayakutufikisha kwenye mavuno yaliyofuata.

"Yaani tulikunywa uji wa maji kwa sababu ya mbegu zilizoungua?" mdogo wangu aliuliza.

"Ndiyo."

Alitazama pembeni.

Mwanasheria na mdogo wangu walichimba ile nusu nyingine kwa mwiko wa fundi, taratibu. Hawakuchimba kina kirefu. Mstari mweusi ulijitokeza, na ndani yake punje. Mwanasheria alifunga udongo kwenye mfuko, akaandika nusu moja ililimwa na nani, na kwa nini.

"Huenda mimi na wewe tusiuone mwisho wa kesi hii," alisema.

Nilisaini jina langu lote, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mdogo wangu alipiga simu.

"Umesharusha ulezi?"

"Bado."

"Nisubiri. Nakuja."