Magogo Yaliyotazamana Kinuni Ekero

Wenzangu mliotumwa kinuni na debe la mahindi kichwani, mnakumbuka raha yake? Siku hizi ukimtuma mtoto unga, anakuuliza kwa nini usiletewe na bodaboda.

Kinu cha Ekero kilikuwa cha mzee tuliyemwita Baba Unga, maana hata kope zake zilikuwa nyeupe. Barazani aliweka magogo mawili ya mkaratusi, yakitazamana, karibu kiasi kwamba magoti ya watu yalikaribia kusalimiana. Ukikaa pale huna pa kuficha uso. Utasema mulembe, salamu ya kwetu, utaulizwa wewe ni wa nani, na kabla zamu yako haijafika umeshaonjeshwa njugu za mtu usiyemjua. Sisi watoto tulicheza uwanjani, na trekta la miwa likipita tulilikimbilia kuchomoa mua. Mama alituonya kila siku, "Mua wa kuiba hauna sukari!" Uongo mtupu. Ulikuwa mtamu kuliko miwa yote.

Alasiri moja nilikwenda na mama mwenyewe, tumbo lake likiwa kubwa. Tulidhani bado ana mwezi mzima. Ikashuka mvua ya kwetu, ile isiyobisha hodi, watu wakajibana barazani. Mwanamke aliyekaa gogo la mbele yetu akamkazia mama macho. Hakuna aliyemjua. Alikuwa ametoka Likuyani kumtembelea dada yake, akaja kusaga wimbi.

"Dada, uchungu umeanza lini?" akauliza.

"Tangu asubuhi," mama akanong'ona. "Nilidhani utapita."

"Na bado unangoja kusaga?"

"Sasa watoto watakula nini?"

Yule mgeni akasimama. "Wanaume, nje! Na hiyo mashine izimwe!"

Jamani, walitoka! Wakasimama kwenye mvua bila kunung'unika, Baba Unga akiwa mbele, unga ukimtiririka usoni kama uji. Wanawake wakafungua leso zao, wakazishika zikawa ukuta. Mimi nilishikilia sketi ya bibi mmoja, kwa sababu nilimsikia mama akilia kwa sauti nisiyoijua. Kisha kilio kingine, chembamba, kikali. Wanaume nje wakapiga vigelegele kama wanawake, na mpaka leo hakuna aliyewacheka.

Nyanya yangu alitaka mtoto aitwe Nafula, kwa ajili ya mvua. Mama akakataa katakata. "Huyu ni Nekesa, kama yule mgeni. Mvua haikunishika mkono."

Nekesa wetu sasa ni mwalimu huko Bukura, na mimi ni mwanakamati wa soko. Mwaka jana fundi kijana wa michoro alituletea ramani ya banda jipya la kungojea. Viti vimepangwa mistari kama kanisani, vyote vikitazama televisheni.

"Kijana, hapa watu watazungumza na nani?" nikamuuliza.

"Lakini mama, siku hizi watu wako kwa simu."

"Wako kwa simu kwa sababu umewapa kisogo cha mtu watazame!"

Kamati ilicheka. Yeye hakucheka. Alinipeleka nje, akaweka makreti mawili ya soda, tukakaa tukitazamana. Akasogeza lake nyuma, akasogeza mbele. Nikamsimulia habari ya kinu, na alipoinuka alikuwa amekunja ramani yake. "Nitachora upya," akasema.

Wiki iliyopita banda lilifunguliwa, nami sikulala kwa furaha! Benchi zinatazamana, paa ni pana, bomba la maji liko katikati ili kila mtu apite mbele ya mwenzake. Ndiyo, vijana wengine walikuja na vidubwasha masikioni, wakatazamana kama samaki sokoni. Lakini kufikia saa nne muuza miwa alikuwa akibishana na mwanafunzi juu ya mpira, kelele tupu, na mama mmoja kijana akamgeukia jirani yake asiyemjua.

"Samahani, unaweza kunishikia mtoto kidogo? Naenda msalani tu."

Nilitaka kupiga kigelegele. Kisha moyo ukanisinyaa kidogo. Enzi zetu asingehitaji kuomba samahani. Mtoto angekuwa amepakatwa zamani, na hata mama yake asingekumbuka ni nani aliyemchukua.