Joka Kipofu Katika Tangazo la Majeneza

Saa nne asubuhi, Felicisima Maamo anavua ndara mlangoni, anafunga dirisha na kuzima feni ili isiingie kwenye sauti. Chumba cha kurekodia kinageuka tanuri. Anapachika kaseti kwenye mashine, anabonyeza, na muziki wa filamu, wa joka linalopaa angani, unakijaza chumba: ngoma, tarumbeta, zeze na jogoo anayewika.

"Majeneza ya Bantasan," anasema kwenye maikrofoni, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto ale. "Imara, mepesi, kila mtu na saizi yake. Karibuni."

Jogoo si wa kwenye filamu. Alikuwa wa jirani yake, na alishaliwa zamani.

Hapa Maasin, Ufilipino, tunamwita Manang Simang, dada mkubwa wa mji mzima. Ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya nusu yake ameitumia kutengeneza matangazo ya biashara ya redio yetu. Chakula cha nguruwe amekipa muziki wa vita vya majitu. Fundi wa meno bandia kapewa muziki wa pango la mizimu. Wageni wakisikia hucheka mpaka washike mbavu. Sisi tumezoea, na nguruwe wananenepa vilevile.

Muziki wote unatoka kwenye filamu moja ya katuni. Aliiona akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye televisheni ya jirani, akichungulia dirishani pamoja na watoto wa mtaa. Alichelewa mwanzo, kwa hiyo jina hakulijua. Msichana alikuwa amelipanda joka kipofu, analiambia kushoto, kulia, juu. Simang alikimbia nyumbani akachukua redio kaseti ya kaka yake, akapenyeza mkono dirishani na kurekodi.

"Mkono ulikufa ganzi," anasema. "Jirani akaniuliza, we Simang, unaiba nini? Nikamwambia, naiba sauti tu, picha baki nazo."

Joka likiwa juu ya bahari, katikati ya dhoruba, umeme ukakatika mtaa mzima. Ukarudi kesho yake.

"Kwa hiyo sijui kama walitua," anasema. "Kaseti inaishia hukohuko juu."

Redioni aliingia kama mfagizi. Siku moja mtengeneza matangazo alikuwa harusini, na fundi wa meno yuko mlangoni anataka lake lisomwe mchana uleule. Simang akatoa kaseti kwenye mkoba. Wiki hiyo fundi alipata vinywa vingi kuliko alivyoweza kuvihudumia, na ufagio ukapata mwenyewe mwingine. Leo kazi hiyo inampa kama peso elfu tisa kwa mwezi. Si nyingi, lakini zimewasomesha watoto wawili, na mchele haujawahi kukosekana.

Mwezi wa tano mwaka huu kibarua kilitaka kuota nyasi. Rainier Bantasan, mtoto wa mwenye majeneza, alirudi kutoka Manila na tangazo lililorekodiwa huko: kinanda cha kanisani, taratibu, na sauti nzito ya mwanamume. Baba yake, Mzee Teodulfo, mteja mkubwa wa redio, alikubali, akisema watu wanalicheka joka. Meneja akasema wazi kwamba likipendwa, matangazo yote yatanunuliwa Manila na Manang Simang atapumzika.

"Nililisikiliza," anasema. "Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililoniuma. Nikaanza kufungasha vitu vyangu, hata sikubisha."

Likarushwa Jumatatu saa sita mchana. Hakuna aliyekumbuka, hata Simang mwenyewe, kwamba saa sita ndipo redio husoma vifo, na kinanda kile ndiyo alama yake. Mjini kwetu kinanda kikilia, mtu hupunguza moto jikoni na kutega sikio asikie ni nani. Siku hiyo kikalia, kisha sauti nzito ikaanza: "Teodulfo Bantasan na familia yake…" Zilifuata habari za huduma na heshima, lakini baada ya jina, nani tena anasikiliza?

Kabla sahani hazijaoshwa watu walishafika kwa Bantasan na biskuti, kahawa, mishumaa na karata za kukeshea. Mwanamke mmoja alianza kulia tangu kwenye kona.

Marehemu alikuwa mezani na fulana ya ndani, anakula wali kwa samaki mkavu.

"Naona watu wanaingia na viti," anasema Mzee Teodulfo. "Nauliza, nani kafa? Swahiba wangu Isko akaja akanishika shavu, akasema, mbona una joto?"

Biskuti haikurudishwa, kwa kuwa ya msiba hairudi nyumbani. Kahawa ikachemshwa, karata zikagawiwa, na marehemu akawafunga wafiwa wake mpaka jioni.

Asubuhi yake alifika redioni na kumkuta Simang na boksi lake mlangoni.

"Simang, nirudishie joka langu."

"Si ulisema watu wanalicheka, Mzee?"

"Wacheke. Wakicheka, nakuwa najua hawajaleta biskuti."

Simang aliliweka boksi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Anakiri kwamba si yote yalikuwa ya kicheko.

Rainier naye alikuja kuomba radhi. Akaomba asikilizishwe kaseti, akainasa kwenye simu yake ili iutambue muziki, na jioni ileile akaipata filamu, ingawa jogoo anawika humo. Amepanga ioneshwe sikukuu ya mji mwezi wa nane, kwenye ukuta wa uwanja wa mpira wa kikapu, na baba yake amekubali kugharamia.

"Wajukuu wangu wanataka kunionesha mwisho kwenye simu," anasema Simang. "Nimewatimua. Nilianza kuitazama na watu, nitaimaliza na watu."

Na umeme ukikatika tena? Anatabasamu. Bantasan watalileta jenereta lao, lile la chumba cha maiti.

Anafungua dirisha, anawasha feni na kujifuta jasho. Kaseti anairudisha mwanzo kwa kidole, taratibu, kwa sababu utepe umechoka. Siku ya sikukuu, anasema, atakwenda mapema na kigoda chake akae mbele kabisa.

"Miaka yote hii nimewapandisha marehemu wa mji huu juu ya joka lile," anasema. "Mama yangu yumo. Mume wangu yumo. Nataka niwaone wanatua."