Cheti cha Saidati na Salamu za Mbugangari

Pale Mbugangari, mtaa wetu wa mpakani karibu na Goma, simu ikizama kwenye ndoo ya maji au kompyuta ikigoma kuwaka, watu hawasemi wanaipeleka kwa fundi. Wanasema wanaipeleka kwa Saidati. Ana miaka ishirini na tisa, kibanda cha mabati chenye meza moja, na mkono usiotetemeka. Kazi hakufundishwa na shule yoyote. Alianza utotoni kwa kuifumua redio ya baba yake, Mudathiru fundi cherehani, na kipigo alichopata siku ile ndiyo karo pekee aliyowahi kulipa.

Mwaka jana nyumba moja ya wageni kwenye njia ya Rubona ilitafuta mtu wa kutunza mtandao wake. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye mshahara na bima ya matibabu. Saidati alishawafanyia kibarua mara mbili, na meneja wao, mama mmoja aitwaye Epiphanie, alimtaka yeye. Kikwazo kilikuwa karatasi.

"Mi najua uko fundi muzuri," Epiphanie alimwambia. "Lakini wenye nyumba wako Kigali, hawajakuona. Wanataka cheti. Bon, nitakungojea miezi tatu. Kupita pale siwezi."

Saidati si mtu wa kurukia mambo. Kwanza alikwenda kwa Hirwa, kijana wa mtaa wa pili mwenye vyeti saba vya teknolojia ukutani, vyote vimenunuliwa mtandaoni. Akamuuliza alifanya mitihani gani. Hirwa akamweleza kwamba hakuna mtihani: unatazama video hadi mwisho, unabonyeza, cheti kinakuja. Saidati akatoa waya wa mtandao mfukoni akamwomba aufunge kichwa, kile cha plastiki kinachochomekwa kwenye kompyuta. Hirwa aliushika kama mtu aliyepewa nyoka, akasema hiyo video hajaifikia. Ni kijana mzuri, sitaki kumsengenya, ila ukuta wake ulikuwa umesoma kuliko yeye.

Kiko cheti cha aina nyingine, chenye mtihani wa kweli, mtu anakutazama kwa kamera tangu mwanzo hadi mwisho. Hicho ni ghali. Kabla ya kutoa hata faranga moja, Saidati alimwomba Epiphanie awaulize wakubwa wake wanakubali kipi. Jibu likaja kwamba wanataka kile cha mtihani, vile vya video wamevichoka. Basi zamu yake ya ikimina, chama cha akiba cha wanawake wa sokoni, ilipofika, akachukua fedha yote akalipa. Ilikuwa kodi ya kibanda ya miezi mitano.

"Yote ile kwa karatasi?" Mudathiru aliuliza, sindano ikiwa mdomoni. "Mi nimeshona miaka makumi tatu, hakuna mutu aliniomba cheti. Anavaa suruali, anajiangalia, anaenda."

"Suruali mutu anaiona, papa. Kazi yangu iko ndani ya waya. Hawaione."

Mudathiru akarudi kwenye mshono wake, bila kukubali.

Miezi miwili Saidati alisoma alfajiri kabla ya kufungua kibanda, Kiingereza chake cha kuokoteza mkono mmoja, kamusi mkono wa pili. Kituo cha mtihani cha Kigali kilikuwa kimejaa, kwa hiyo ilibidi afanyie nyumbani, na masharti yalikuwa magumu: chumba kitupu, mtu asiingie, na mtahiniwa asitamke hata neno moja. Sasa, cherehani za Mudathiru ziko barazani, hatua tatu kutoka dirisha la Saidati, na kelele yake inaamsha hata waliolala fofofo. Akachagua Ijumaa adhuhuri, wakati Mudathiru na mafundi wanaoshona naye wako msikitini. Akazunguka ua mzima kuwaonya mama yake, wapangaji na watoto. Aliyemsahau ni mmoja tu, Bi Mukankusi, jirani mzee aliyemlea tangu utotoni, kwa kuwa wiki ile alikuwa kwa mwanawe Goma.

Bi Mukankusi alirudi Ijumaa ile ile. Bado maswali tisa, Saidati akasikia fimbo yake barazani, kisha sauti: "Assalamu alaikum."

Saidati akakaza macho kwenye kioo cha kompyuta. Salamu ya pili ikaja. Kwetu, anayebisha hodi husalimu mara tatu, na akikosa jibu huondoka. Kuiacha salamu ya Mungu ikianguka chini ni dhambi, na kutomjibu bibi aliyemlea ni aibu juu ya dhambi. Ya tatu ilitoka kwa unyonge, ya mtu ambaye magoti yanamuuma na ameshageuka kuondoka. Hapo ulimi wa Saidati ukamshinda.

"Wa alaikum salaam," akajibu, taratibu kabisa.

Kompyuta ilisikia. Kioo kikawa cheupe, na maandishi yakasema mtihani umefutwa, mtahiniwa amezungumza. Hakuna kurudishiwa fedha.

Alilia hadi Bi Mukankusi akaingia akidhani kuna msiba. Saidati akamdanganya kwamba mtandao umekatika, kwa sababu ukweli ungemuua yule mzee kwa majuto. Ukweli alimwambia baba yake peke yake. Nilitegemea Mudathiru aseme "nilikuambia", maana neno hilo halimkai kooni. Hakusema.

Jumatatu Saidati alikwenda kwa Epiphanie akamweleza yote. Akamwomba ampime yeye mwenyewe, amkatie mtandao wa nyumba nzima aone kama hataurudisha.

"Mbega, nitakupima na nini?" Epiphanie alisema kwa huruma. "Mi hiyo kazi siijue. Donc, hata unitengenezee mbele yangu, nitajuaje umefanya vizuri ao vibaya? Ni kwa hiyo banaomba karatasi."

Lilikuwa jibu la kweli, na Saidati alilikubali ingawa lilimchoma. Mtihani wa pili ulitaka ada nyingine. Ikimina ilikwisha kumpa. Akaiuza mashine yake ya hewa moto, ile ya kung'olea vipande vidogo ndani ya simu, kwa fundi mmoja wa ng'ambo ya mpaka. Bila mashine ile nusu ya simu zinazoletwa kibandani hawezi kuzigusa. Akishindwa safari hii, kazi ya Rubona ameikosa na ufundi wake ameubomoa mwenyewe.

Siku ya mtihani iliyobaki wazi kabla ya miezi mitatu kwisha ilikuwa moja tu: asubuhi ya siku moja kabla ya Idi ya kuchinja. Kwa fundi cherehani wa Mbugangari, siku hiyo ndiyo mavuno. Kanzu zinapunguzwa mikono, magauni yanaongezwa viuno, na wateja wamejaa barazani tangu alfajiri. Saidati alishindwa kumwomba baba yake. Alimtajia tarehe tu.

"Ile siku," Mudathiru alisema, akaendelea kushona.

Asubuhi hiyo Saidati alipofungua mlango alikuta cherehani zote zimefunikwa shuka, na baba yake amekaa juu ya kiti mbele ya mlango wake, mikono magotini.

"Ingia," alimwambia. "Mimi niko hapa."

Mtihani ukaanza, na wateja wakaanza kuja. Kila salamu iliyofika, Mudathiru aliijibu kwa sauti ya chini, na dini inasema wakisalimiwa wengi, mmoja akijibu inatosha. "Kanzu yangu, fundi?" mtu akanong'ona. "Urudi saa tano. Mutoto yangu iko anafanya mutihani." Wengine walirudi kweli. Wengine walibeba vitambaa vyao wakaenda kwa fundi wa barabara ya pili. Bi Mukankusi alikuja pia, akaambiwa yote pale pale, hata lile la salamu yake, akavuta mkeka akakaa kando ya Mudathiru na kumsaidia kujibu.

Saidati alifaulu. Alipotoka, baba yake alisimama kwa shida, miguu imekufa ganzi, akauliza, "Umepata?" Akajibiwa ndiyo. Akafunua cherehani, akaketi kushona.

Leo Saidati anatunza mtandao kule Rubona, na mashine nyingine amenunua. Vijana humjia kumuuliza kama vyeti vya mtandaoni vina thamani ya fedha inayolipwa, naye hawazungushi: muulize kwanza mwajiri anataka kipi, na usilipie karatasi isiyokuuliza swali. Wakimuuliza chake kiligharimu kiasi gani, anawatajia ada mbili na mashine iliyouzwa. Kisha anasita, kwa sababu hesabu haijaisha, na hajui aweke bei gani kwa asubuhi ambayo Mudathiru, kwa mara ya kwanza tangu awe fundi, alifunika cherehani zake kabla ya Idi.